Hapana ya Mzee Wendell

Mwanangu, kuna siku moja ambayo vidole vyangu vinaikumbuka kuliko kichwa changu. Nilikuwa nimeviweka juu ya tumbo la mzee mmoja, katika kliniki ndogo ya mji mdogo hapa Marekani, kusini mwa Alexandria, nikahisi kitu kinadunda kando ya kitovu. Hakikuwa kile kidundo chepesi ambacho mtu mwembamba huwa nacho. Kilikuwa kipana, chenye nguvu, na kilisukuma vidole vyangu pande zote mbili kwa pamoja. Nikajua ni nini, na nikaogopa.

Nakuandikia haya kwa sababu mama yako, rafiki yangu wa siku nyingi, amenipigia simu. Anasema umemaliza mafunzo, umepata kazi ya udaktari katika mji mdogo huko huko kusini, na tangu uipate huli vizuri wala hulali. Amenitaka nikutie moyo. Sasa, mimi si hodari wa kutia watu moyo, na wewe unalijua hilo tangu ukiwa mdogo. Lakini kuogopa nakufahamu vizuri kuliko mambo mengi niliyosomea. Kwa hiyo keti, weka simu mbali, unisome polepole. Kiswahili unakielewa, najua, ingawa ukifungua mdomo hutoka Kiingereza. Ukikwama, muulize mama yako.

Ilikuwa miaka ya tisini ikielekea ukingoni. Mimi ni mtoto wa Nairobi, nimezaliwa mtaa wa Jericho, nimesomea udaktari huko huko jijini, na nilipokuja Marekani nikafanya mafunzo yangu katika hospitali kubwa ya Washington. Maisha yangu yote sikuwahi kumtibu mtu mahali ambapo hakuna daktari mwingine wa kumwita. Ukikwama unapiga simu ghorofa ya juu, bingwa anashuka. Kisha sheria ya viza ikaniambia, mama, ukitaka kubaki nchi hii nenda kwanza ukahudumie mahali pasipo na madaktari. Ndivyo nilivyojikuta katika mji wenye taa moja ya barabarani ya kuongozea magari, makanisa kila upande, na sanamu ya askari mbele ya mahakama. Askari mwenyewe ni wa ule upande ambao, katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya hapa, ulipigana ili watu weusi waendelee kuwa watumwa. Kila asubuhi nilipita chini ya bunduki yake ya shaba nikienda kazini.

Mume wangu, Baba Neema, alibaki nyumbani kwetu Alexandria, jirani na Washington, pamoja na watoto. Kazi yake ilikuwa kuegesha magari ya wageni hotelini, na shule ya watoto ilikuwa jirani na nyumba yetu. Mimi nikapanga nyumba ndogo karibu na kliniki, nikawa naondoka Jumapili jioni na kurudi Ijumaa.

Sijui kama utaielewa hofu yangu ya mwanzo, wewe uliyekulia hapa. Watu wa mji ule walinipungia mkono. Kila gari lililopishana nami, dereva aliinua kidole kutoka kwenye usukani. Wewe utasema ni ukarimu. Lakini Nairobi niliyoiacha mimi, mtu usiyemjua akikusalimu mara ya pili unashika mkoba. Nilidhani wananipeleleza. Mama mmoja dukani aliniambia, huku anatabasamu, kwamba jana taa ya jikoni kwangu ilichelewa kuzimwa, je, naumwa? Nilirudi nyumbani mbio, nikafunga mapazia, nikaegemeza kiti mlangoni. Gari niliegesha mdomo ukiangalia barabara, tayari kuondoka. Na msitu, mwanangu! Msitu ulianzia nyuma ya kamba yangu ya kuanikia nguo na haukuisha. Nilizoea kelele za watu, na pale niliposikia kimya, nilikisikia kama mtu aliyesimama nyuma yangu.

Unaweza kucheka. Mimi pia hucheka siku hizi. Wakati ule sikucheka hata kidogo.

Basi Mzee Wendell alikuja kliniki siku ya mvua, mkewe Loretta akiwa amemshika kiwiko. Alikuwa mkulima wa Kizungu, mrefu, mikono mikubwa, vidole vya njano kwa sigara, na kwenye kofia yake palikuwa na ile bendera ya upande wa yule askari wa sanamu. Kupitia dirishani niliona pikapu yake, na bunduki imetundikwa kwenye kioo cha nyuma mahali ambapo watu wengine hutundika rozari. Alisema mgongo unamuuma, basi. Nikamlaza, nikaweka vidole, nikahisi hicho nilichokuambia.

Wewe umeshajua, ila nieleze kwa ajili ya mama yako ambaye najua anasoma begani kwako. Mshipa mkubwa unaoshusha damu kutoka moyoni ulikuwa umetuna tumboni mwake. Umeona tyubu ya baiskeli iliyochoka inavyovimba sehemu moja? Ndivyo. Unaweza kukaa hivyo mwaka mzima, na unaweza kupasuka kesho mtu akifunga kamba za viatu. Ukipasuka, hata aliye mlangoni mwa hospitali mara nyingi hawahi. Dawa yake ni kisu, na kisu chenyewe kilikuwa Washington.

Hayo yote niliyajua. Niliyomwambia ni mengine. Nilimwambia, kwa sauti laini na macho yakiwa kwenye meza, kwamba ingekuwa vyema apate nafasi ya kwenda Washington wakamwangalie kidogo ule mshipa. Vyema. Nafasi. Kidogo. Hilo ndilo nililosema kwa mtu aliyebeba kifo.

Naye akajibu, "Ndiyo, mama."

Kule kusini ndivyo wanavyomjibu mwanamke wanayemheshimu, hata awe mdogo kwao kwa umri. Hawabishani na daktari. Hawasemi sitaki, hawasemi siwezi. Wanasema ndiyo, mama, wanashukuru, wanavaa kofia. Na mimi nililelewa nyumba gani? Wazazi wangu ni watu wa kijijini, kule Vihiga, na adabu ya kwao walituchapa nayo hata tukiwa jijini. Mzee akishasema ndiyo, umemalizana naye. Humuulizi mara mbili, maana ni kama kumwita mwongo mbele ya mkewe. Basi adabu yake na adabu yangu zikakutana pale kliniki, zikapeana mikono, na mzee akatoka nje kwenye mvua na mshipa wake tumboni.

Hakwenda. Hospitali walinipigia simu kwamba mgonjwa wako hakutokea. Nikampigia. "Ndiyo, mama, wiki ijayo bila shaka." Wiki ijayo hakutokea. Nikampigia tena, akaniambia ndiyo tena, kwa upole ule ule. Na nikuambie jambo ambalo sikumwambia mtu kwa muda mrefu. Kila nilipoweka simu chini, nilishusha pumzi. Nilikuwa nimefanya wajibu wangu na sikulazimika kwenda kwake. Kwake kulikuwa mwisho wa barabara ya vumbi, ndani ya msitu, kuna mbwa, na nilishaambiwa kwamba ile bendera anayo kubwa zaidi nyumbani, juu ya mlingoti.

Jumapili moja nilikwenda ibadani na familia yangu. Wakati huo tulikuwa tunaazima ukumbi wa kanisa moja Alexandria mchana, Wakenya na Wakongo na Warundi pamoja, na baada ya ibada tulikunywa chai kwa maandazi. Nilikaa meza moja na Baba Neema na Pasta Bahati, mzee wetu Mkongo kutoka Uvira, aliyeikimbia vita na mkewe kwa miguu. Nikajikuta nawaeleza habari za mgonjwa wangu, bila kumtaja jina.

Baba Neema alinitetea, kama alivyonitetea siku zote. "Si umcall tu tena? Kwa nini uende huko kwa msitu u-risk maisha? Hao watu wako na bunduki, Mama Neema. Ukishaexplain, umeexplain. Yeye ni mtu mzima."

Pasta Bahati alikuwa anakoroga chai. Akauliza bila kuniangalia, "Mama munganga, ule muzee atakufa siku gani?"

Kila mara aliniita hivyo, mama munganga, na mimi niliyesoma hadi macho kuniuma nilijifunza kutokasirika. Kwao ndilo jina la daktari.

"Sijui, Pasta. Inaweza kuwa leo. Inaweza kuwa mwaka ujao."

"Na weye uko unangoja nini?"

Nikamwambia nimeshamwambia mgonjwa mara tatu. Nikamwambia ni mzee, ana umri wa baba yangu, na kumkazania mzee si adabu, ni kumkosea heshima.

Akaweka kijiko chini. "Hapana. Usiseme vile. Miye nilikimbia vita. Nililala na woga mu pori, usiku yote, kama mutu analala na bibi yake. Ninaijua sura yake. Ile kitu weye uko nayo ni woga, haiko heshima. Unaogopa ule muzungu na bunduki yake. Bon, ni kweli, hata miye ningeogopa. Sikucheki. Lakini usipake woga mafuta na kuivalisha nguo ya kanisa, useme ni heshima. Ule muzee atakufa juu ya adabu yako."

Watu wa meza ya pili waliacha kutafuna. Uso wangu uliwaka moto. Nilitaka kumwambia kwamba yeye hajui udaktari, kwamba hajui ule mji, kwamba ni rahisi kusema ukiwa Alexandria na kikombe mkononi. Lakini niliwachukua watoto tukaondoka, na sikumuaga sawasawa. Nilimkasirikia hadi nilipofika kwenye ile taa moja ya barabarani, na pale nikiwa nimesimama peke yangu, taa ikiwa nyekundu, hakuna gari mbele wala nyuma, nikajua nimemkasirikia kwa sababu amenisoma.

Kesho yake baada ya kazi nikaenda kwa Mzee Wendell.

Sitakudanganya kwamba nilipiga moyo konde. Moyo wangu ulikuwa unadunda kuliko ule mshipa wake. Barabara ya lami ikaisha, miti ikafunga juu, na simu yangu ikapoteza mtandao. Nilisema zaburi, nikaikosea, nikaanza upya. Kisha uwanja ukafunguka mbele yangu, na yote niliyokuwa nayaogopa yalikuwa pale, kana kwamba mtu ameyapanga kwa ajili yangu. Bendera juu ya mlingoti. Mbwa wanakuja mbio, vinywa wazi. Mzee mwenyewe barazani, na bunduki imeegemea ukuta kando ya kiti chake.

Nikageuza gari kwanza, mdomo ukiangalia barabara. Kisha nikakaa ndani. Sikuweza kufungua mlango. Mkono ulikuwa kwenye kitasa na hausogei, na mbwa wanapiga makucha kwenye kioo. Nilifikiria watoto wangu. Nilifikiria kwamba hakuna mtu anayejua nilipo.

Mzee akapiga mluzi, mbwa wakarudi. Akashuka ngazi taratibu, akaja hadi dirishani, akainama.

"Daktari," akasema, "umeegesha kama mtu anayetaka kukimbia."

Nilikuwa nimetayarisha maneno mazuri ya kiofisi. Yote yakaniruka. Nikasema, "Ndiyo. Nataka kukimbia."

"Unakimbia nini?"

"Hao mbwa. Ile bunduki. Ile bendera. Na wewe."

Akanyooka. Kisha akarudi barazani, akaichukua ile bunduki, na hapo roho yangu ilikuwa karibu kunitoka, lakini akaingia nayo ndani na kurudi mikono mitupu. "Ni ya panya wa shambani," akasema. "Njoo ukae."

Bendera hakuishusha, mwanangu. Si siku ile wala baadaye. Ningeweza kukuandikia kwamba aliishusha na hadithi ingependeza, lakini wewe unakwenda kuishi huko na hadithi za kupendeza hazitakusaidia.

Nikakaa barazani. Loretta akaleta chai, ile ya kwao, baridi, yenye barafu na sukari ya kumuua mtu. Nikainywa. Kisha nikageuka nikamtazama mzee machoni, kwa mara ya kwanza tangu nimjue, nikamwambia hivi: "Nilikuambia uende Washington wakuangalie kidogo. Nilikosea kusema hivyo. Una mshipa tumboni uliovimba, na ukipasuka utakufa kabla sijafika hapa. Lazima ufanyiwe upasuaji. Si kwamba ingekuwa vyema. Lazima."

Loretta akaweka mkono mdomoni. Mzee akavua kofia, akaitazama.

"Ndiyo, mama," akasema.

"Sitaki hiyo," nikamwambia. Sauti ilikuwa inatetemeka na sikujali tena. "Umenipa ndiyo tatu na zote hazina kitu. Nipe hapana yako. Niambie hapana, na uniambie kwa nini."

Nadhani hakuna mtu aliyewahi kumwomba kitu kama hicho. Alimwangalia mkewe. Aliangalia shamba. Na hatimaye akasema, polepole kama mtu anayeng'oa jino lake mwenyewe, "Hapana, daktari. Siendi. Kaka yangu alikwenda hospitali ya huko mjini kwa miguu yake. Alifia kitandani na hakuna aliyejua jina lake. Walimwita kwa namba ya chumba. Mimi naogopa." Halafu, kwa sauti ndogo zaidi, "Na ile barabara. Sijawahi kuendesha kupita Springfield. Yale magari."

Mwanangu, mimi niliyemwogopa mzee huyu kwa majuma mengi, kumbe naye alikuwa amekaa barazani kwake anaogopa mji wangu. Niliogopa msitu wake na yeye aliogopa lami yangu. Nilitamani kucheka na kulia.

Nikamwambia nitampeleka mwenyewe, kwa gari langu, na kwamba sitaondoka kitandani kwake hadi kila nesi alijue jina lake. Kisha tukawekeana ahadi. Mimi nikimuuliza kitu, atanijibu ukweli hata kama anaona ni utovu wa adabu. Na mimi nitamwambia ukweli hata kama natetemeka. Tukapeana mikono. Mkono wake ulikuwa na jasho kama wangu.

Alhamisi asubuhi tukaondoka, mzee kiti cha mbele, Loretta nyuma na kikapu cha mikate ya nyama kana kwamba tunakwenda harusini. Barabara kuu ilipoanza kujaa, mzee alishika kishikio cha juu ya mlango kwa mikono yote miwili. Kila lori lililotupita alifumba macho. Nilimtania kidogo, nikamwambia sasa ajue nilivyokuwa kwenye uwanja wake na mbwa wake, naye akacheka bila kufungua macho.

Tukafika Springfield. Unapajua, zile barabara zinazopandana. Wakati ule walikuwa wanazichimbua upya, kreni kila mahali, mapipa ya rangi ya chungwa, na magari yamesimama hadi upeo wa macho. Tukasimama nao. Ndipo nilipomwona mzee. Alikuwa ameacha kushika kile kishikio. Mikono imelala mapajani, uso umekuwa wa majivu, na juu ya mdomo wake kuna jasho.

"Mzee Wendell, uko sawa?"

"Ndiyo, ma—"

Akasita. Nikaona anapambana. Maisha yake yote, tangu mama yake amfundishe kusimama mbele ya watu, yalikuwa yanamsukuma amalizie neno lile. Angelimalizia, mimi ningelipokea, ningemshukuru Mungu na kuendelea kungoja foleni. Angekufa kwa upole pale kando yangu, kofia mapajani.

"Hapana, daktari," akasema. "Siko sawa. Kuna kitu kinapasuka mgongoni."

Hofu niliyokuwa nimeionja kule msituni ilikuwa mzaha. Hii ilinishika kila mahali. Hapakuwa na ghorofa ya juu ya kupigia simu. Nilikuwa na mikono miwili, gari kuukuu, na mzee anayevujia damu ndani ya tumbo lake, na mbele yangu ukuta wa magari. Washington ilikuwa mbali mno. Lakini kulikuwa na hospitali kubwa karibu na pale, upande wa kushoto, niliijua kwa sababu nilikuwa nimemzaa Neema huko.

Basi nikafanya kile ambacho mtu wa Nairobi anakijua. Nikawasha indiketa zote, nikaweka kiganja kwenye honi, nikaingia kwenye ukingo wa barabara pasipopita gari. Nilipita kati ya mapipa na ukuta wa zege. Loretta alikuwa anaomba kwa sauti. Mimi nilikuwa namwambia mzee, usilale, niambie, inauma wapi, inauma vipi, na yeye ananijibu kila swali, ukweli mtupu, kama tulivyoahidiana.

Kisha taa za buluu kwenye kioo cha nyuma.

Nikasimama. Polisi akaja kwa miguu, mkono wake kiunoni. Hebu ona alichokiona: mwanamke mweusi, lafudhi ya ugenini, anaendesha kama mwendawazimu pembeni mwa barabara, na mzee mzungu amejikunja kiti cha mbele anaugulia maumivu. Nilifungua mdomo na Kiingereza chote kikanitoroka. Mikono yangu nilikuwa nimeiweka juu ya usukani, vidole wazi, kama watu walivyonifundisha nilipofika nchi hii. Niliona midomo yake ikisogea na sikusikia anachosema.

Mzee Wendell aliteremsha kioo chake. Sijui nguvu aliipata wapi. Akaegemea mlango, akamtazama yule kijana mwenye sare, akasema, "Huyu ni daktari wangu. Tupishe."

Daktari wangu. Watu wa mji ule walikuwa hawajawahi kuniita hivyo. Waliniita yule daktari, au yule mama wa Afrika. Polisi alitazama uso wa mzee, akanitazama mimi, akakimbia kurudi kwenye gari lake. Alitutangulia na king'ora hadi mlangoni mwa hospitali.

Walimpasua mchana kutwa. Nilikaa na Loretta kwenye viti vya plastiki, tukala ile mikate yake ya nyama bila kuonja chochote. Kila nesi aliyepita nilimsimamisha nikamwambia jina la mgonjwa, Wendell, mimi ni daktari wake, anaitwa Wendell, hadi mmoja akaniambia kwa upole kwamba wote wameshalijua. Baba Neema akaja kutoka hotelini na sare yake ya kazi, akaniwekea koti magotini. Daktari wa upasuaji alipotoka, alituambia mshipa ulikuwa umeanza kuvuja. Alisema wangechelewa kidogo tu, asingekuwa na la kutuambia.

Mzee alipona. Aliishi miaka ya kutosha kunisumbua. Alivipenda vile vihapana vyake, mwanangu, kama mtoto aliyepewa filimbi. Utaacha sigara? Hapana, daktari. Umepunguza chumvi? Hapana, na sitapunguza. Umemeza dawa? Juzi sikumeza, zilinipa kizunguzungu. Na kwa sababu aliniambia, nikabadilisha dawa. Polepole wengine wa mji wakaanza kuniletea vya kwao. Muda wangu wa sheria ulipokwisha, nilibaki kidogo zaidi. Gari niliendelea kuliegesha mdomo ukiangalia barabara, maana hofu zote hazikuisha, na baadhi yake zilikuwa na sababu.

Na Pasta Bahati? Jumapili iliyofuata nilimpelekea chai mwenyewe, nikaiweka mbele yake, nikakaa. Alikoroga. Hakuniuliza chochote ila, "Yuko hai?" Nikasema yuko hai. Akasema, "Voilà," yaani basi ndivyo, akanywa chai yake.

Sasa sikiliza, maana ndicho nilichokuandikia. Sikwambii usiogope. Utaogopa. Utawaogopa baadhi ya watu, na wapo utakaowaogopa kwa haki. Utaogopa pia mikono yako, usiku ambapo hakuna wa kumpigia simu. Chukua hofu hiyo uende nayo, ina kazi yake. Ninachokukataza ni kuiita jina lisilo lake. Siku utakaposema neno dogo mahali pa neno kubwa, ukajiambia ni adabu, jiulize unamwogopa nani. Siku mgonjwa atakapokupa ndiyo ya haraka haraka na ukashusha pumzi, usishushe. Rudi. Keti barazani kwake, unywe kile atakachokupa hata kama ni chai ya barafu, umtazame, umwombe hapana yake. Na wewe mwambie hofu yako kwanza, hata sauti ikitetemeka, kwa sababu hakuna atakayekufungulia mlango wa hofu yake ikiwa wa kwako umeuegemezea kiti.

Nenda, mwanangu. Mungu aliyenipitisha kati ya mapipa na ukuta wa zege akupitishe na wewe. Akupe nyumba yenye majirani wanaoona taa yako ikichelewa kuzimwa. Akupe vidole vinavyosikia, na mdomo usiopunguza maneno. Akupe watu watakaokuambia hapana wakiwa bado hai, na siku ukisimamishwa barabarani na maneno yamekukimbia, akupe mmoja wa kuteremsha kioo na kusema wewe ni daktari wake.